Namna ya Kuchunguza Gamba la Nyoka na Ngozi ya Mjusi kwa Hadubini ya Shule

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa biolojia, mwanafunzi wa sekondari, na yeyote mwenye hadubini ya kawaida ambaye angependa kuona jinsi ngozi ya nyoka na ya mjusi ilivyojengwa, bila kumuua mnyama hata mmoja. Mbali na hadubini yenyewe, vitu vinavyohitajika hupatikana dukani na sokoni: rangi ya kucha isiyo na rangi, selotepu pana, wembe mpya, karoti, kibanio chembamba, glisirini kidogo, na tochi ya simu. Katika maelezo yote, neno gamba litamaanisha ngozi kavu ambayo nyoka huivua na kuiacha, na neno kigamba litamaanisha kimoja kimoja kati ya vile vipande vilivyopangana juu ya mwili wake. Nimeona wanafunzi wakichanganya maneno haya mawili kiasi kwamba michoro yao haieleweki, kwa hiyo ni vyema kuyatenganisha tangu mwanzo.

Kupata gamba na kulisafisha

Nyoka hujivua gamba zima kwa mkupuo mmoja. Huanza kwa kusugua midomo kwenye jiwe au mzizi hadi ngozi ya juu iachie, kisha hutambaa kutoka ndani yake huku ikijipindua kuelekea mkiani, kama soksi ndefu inayovuliwa kwa kushikwa ukingo wake wa juu. Gamba la namna hiyo hupatikana kwenye marundo ya matofali, chini ya mabati ya zamani, kwenye paa la makuti na kando ya ghala. Ukilikuta likiwa kavu na linapasuka kwa kuguswa, limekaa siku nyingi. Ukilikuta laini na lenye unyevunyevu, jua kwamba mwenyewe hajafika mbali, na huenda akawa swila au kifutu (wengine humwita bafe au moma). Liondoe kwa kijiti kirefu, si kwa mkono, na usipenyeze vidole kwenye nyufa kutafuta kipande kilichobaki.

Njia salama zaidi ni kuomba kwenye bustani za nyoka, kama ile ya Meserani nje ya Arusha, ya Watamu pwani ya Kenya, au ya Nairobi kwenye makumbusho ya taifa. Nyoka wa kufugwa hujivua mara kadhaa kwa mwaka, na faida kubwa ya gamba la bustani ni kwamba jina la mwenyewe linajulikana kwa hakika. Chatu, kenge na vinyonga wamo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo sampuli zao zisivushwe mpaka bila kibali, hata kama ni kipande cha gamba kinachoweza kukaa ndani ya bahasha.

Loweka gamba kwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji. Likishalainika, litandaze juu ya kioo, lisuuze, kisha lilaze kati ya karatasi mbili nyeupe chini ya kitabu kizito hadi kesho yake. Wapo wanaolipiga pasi ili linyooke; joto hilo hulikunja na kuliharibu, na harufu yake haisahauliki. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kulishika, kwa sababu nyoka na mijusi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa na afya njema.

Kwanza ujue upande wa nje ni upi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami niliiruka. Katika darasa langu la kwanza la somo hili tulipaka rangi ya kucha juu ya gamba la nyoka wa nyumbani, tukabandua nakala zaidi ya 20, na kwenye hadubini hatukuona isipokuwa ukungu na mistari hafifu isiyolingana na picha za vitabuni. Nililaumu hadubini, kisha rangi ya kucha, kisha wanafunzi. Kumbe gamba lilikuwa limepinduka, na muda wote tulikuwa tunachukua nakala ya upande wa ndani. Nitalirudia kosa hilo mwishoni, maana halikuwa hasara tupu.

Kuna vipimo vitatu vya kuutambua upande wa nje. Pitisha kidole kutoka kichwani kuelekea mkiani, kisha kinyume chake; kwenye upande wa nje kidole huteleza kuelekea mkiani na hukwama kinaporudi, kwa kuwa kingo huru za vigamba zimelala nyuma kama vigae vya paa. Pili, tazama jicho. Nyoka hana kope zinazofumba. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja kiangavu ambacho nacho huvuliwa pamoja na gamba, na mgongo wa kigamba hicho hubinukia nje. Tatu, kama nyoka ni wa aina yenye mwinuko wa kati kwenye kila kigamba, kama kifutu, ule mwinuko mfano wa mkuku wa jahazi huwa upande wa nje, na upande wa ndani huonekana kama mfereji. Ukishakuwa na hakika, kata pembe ndogo ya kila kipande upande uleule, au tia alama ya wino, kwa sababu kipande kikishakuwa na ukubwa wa ukucha hakuna atakayekumbuka.

Kutazama kwa ukuzaji mdogo

Kata kipande cha mgongoni chenye vigamba vinne au vitano na kingine cha tumboni. Viweke vikavu juu ya slaidi, upande wa nje ukiwa juu, na utazame kwa ukuzaji wa mara 40. Utaona kwamba vigamba si vitu vilivyobandikwa kimoja kimoja kama vya samaki. Samaki unaweza kumpara ukatoa gamba moja likabaki mkononi. Kigamba cha nyoka ni mkunjo wa ngozi ileile isiyokatika, mahali paliponenepa, na kati ya mkunjo na mkunjo kuna bawaba, yaani sehemu nyembamba na laini. Vuta kipande taratibu kwa vibanio viwili huku ukitazama, uone bawaba zinavyofunguka na vigamba vinavyoachana. Hapo ndipo ilipo siri mojawapo ya chatu kummeza mnyama mnene kuliko kichwa chake, na ndiyo sababu pia gamba lililotandazwa mara nyingi huwa refu kuliko nyoka aliyeliacha. Mtu anayepima gamba kisha akatangaza kijijini urefu wa nyoka anamwongezea urefu ambao hakuwa nao.

Sasa tone la glisirini na kioo cha kufunikia. Gamba katika glisirini huwa angavu zaidi, kwa kuwa mwanga haupindishwi tena sana unapoingia na kutoka. Maumbo ya juu hufifia, lakini rangi iliyo ndani hujitokeza. Kwa kutazama uso tumia gamba kavu, na kwa kutazama kilichomo ndani tumia glisirini. Katika nyoka wengi wenye madoa utaona vumbi jeusi au la kahawia, ambalo ni melanini iliyonaswa ndani ya seli za juu zilipokuwa zinakomaa.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea gamba la ukukwi na kuniuliza, “Mwalimu, mbona nyoka ni wa kijani na gamba lake halina rangi?” Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Rangi ya kijani haikai kwenye tabaka linalovuliwa. Chini yake, katika dermisi, yaani tabaka la ndani la ngozi, kuna seli zenye rangi ya manjano. Chini ya hizo kuna seli zenye fuwele za guanini zinazorudisha mwanga wa buluu. Na chini zaidi kuna seli za melanini zinazomeza mwanga uliobaki. Manjano juu ya buluu ndiyo kijani tunachokiona. Ndiyo maana nyoka wa kijani aliyehifadhiwa muda mrefu katika chupa ya alkoholi hugeuka buluu: rangi ya manjano imeyeyuka, fuwele zimebaki. Kinyonga naye anazo fuwele hizo, na mwaka 2015 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba hubadili rangi kwa kuzisogeza mbali au karibu, si kwa kumwaga rangi mpya.

Kuchukua nakala ya uso kwa rangi ya kucha

Uso wa kila kigamba una nakshi ndogo sana ambazo gamba lenyewe, kwa uangavu wake, huzificha. Nakala ya rangi ya kucha huzionyesha vizuri zaidi. Paka tabaka moja jembamba juu ya upande wa nje wa kipande kikavu kabisa. Usirudie brashi mahali palepale, kwa kuwa mpako wa pili hukokota wa kwanza na kuacha mistari ya uongo. Acha ikauke kwa dakika 15, na zaidi wakati wa masika. Bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kidole, kisha ibandue kwa mwendo mmoja wa polepole. Rangi itatoka ikiwa imebeba sura ya uso. Ibandike selotepu hiyo juu ya slaidi na utazame kwa mara 100, kisha mara 400.

Jambo la lazima hapa ni kubana mwanga. Funga kiwambo kilicho chini ya jukwaa la hadubini hadi karibu na mwisho, au zima taa ya hadubini kabisa na umulike slaidi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Picha iliyokuwa nyeupe tupu itajaa vivuli. Kwa nyoka wengi utaona mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wa mwili, ikikatwa na mipaka ya seli yenye meno mafupi kama ya msumeno. Linganisha mgongo na tumbo: vigamba vipana vya tumbo vina vijinywele au vijimeno vifupi mno vinavyoelekea mkiani, na ndiyo sehemu ya sababu ya nyoka kuteleza mbele kwa urahisi na kugoma kuteleza nyuma.

Kuwa mkweli kuhusu unachokiona. Hadubini ya mwanga, hata iwe ya bei gani, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nakshi nyingi za ngozi hizi ni ndogo kuliko hapo. Zilizobaki zimejulikana kwa hadubini ya elektroni. Mfano ninaoupenda ni wa kifutu mkubwa wa misitu ya Afrika Magharibi, ambaye madoa yake meusi ni meusi kama mahameli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vigamba hivyo vina vijikuta vilivyosimama kama majani, vinavyounasa mwanga kati yao; hata vilipopakwa tabaka la metali ili vitazamwe kwa elektroni, vilibaki vyeusi. Weusi ule ni wa umbo, pamoja na wa rangi.

Kukata kwa wembe na kuzisoma tabaka

Chagua ukanda wa gamba wenye upana wa milimita 5, uliokatwa kwa urefu wa mwili ili upite kwenye kigamba, bawaba, na kigamba kinachofuata. Pasua karoti katikati, ubane ukanda humo, kisha ukate kwa wembe mpya vipande vyembamba kadiri uwezavyo, ukivuta wembe kwako badala ya kuusukuma. Vidondoshe kwenye maji. Kati ya vipande 30 huenda viwili tu vikafaa, na hiyo ni hesabu nzuri. Chagua vile vinavyoelea na kupitisha mwanga, vitie kwenye slaidi kwa tone la maji, na utazame kwa mara 100.

Utaona umbo la herufi Z: uso wa nje wa kigamba, kisha ngozi inajikunja kurudi chini yake, kisha bawaba, kisha kigamba kingine. Tazama unene. Juu ya kigamba kuna ukanda mgumu unaong'aa, ambao hupungua sana au hukaribia kutoweka ukifika kwenye bawaba. Chini yake kuna ukanda laini unaoendelea bila kukatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ule mgumu ni tabaka beta, lenye protini zinazopatikana kwa reptilia na ndege tu. Ule laini ni tabaka alfa, lenye keratini, protini ya aina ileile ya jumla iliyomo katika ngozi yetu. Ukiongeza tone la methilini bluu utaona tabaka beta likipokea rangi kwa shida.

Wembe hautakuonyesha zaidi ya hapo, lakini ni vyema ujue kilichomo. Kutoka nje kwenda ndani, gamba kamili lina kigozi cha juu, ambacho Wajerumani ndio waliokipa jina lenye maana hiyo na ndicho chenye zile nakshi, tabaka beta, tabaka la kati liitwalo mesosi, tabaka alfa, tabaka lakuna, na mwisho tabaka angavu. Mesosi ni jembamba sana, lakini ndilo linalomfanya nyoka aishi jangwani. Lina mafuta yaliyopangwa kwa safu kati ya seli zake, na mafuta hayo, si vigamba, ndiyo yanayozuia maji yasitoke mwilini. Mwaka 1972 wanasayansi wa Marekani walimpima nyoka aliyezaliwa bila vigamba wakakuta hapotezi maji zaidi ya mwenzake mwenye vigamba kamili. Mimi mwenyewe nilifundisha kinyume chake kwa miaka kadhaa.

Upekee wa nyoka na mijusi ni kwamba tabaka zote hizi sita ni kizazi kimoja. Kabla ya kuvuliwa, kizazi kipya chenye tabaka zake hujengwa chote chini ya kile cha zamani, kutoka kwenye safu ya seli zalishi iliyo sehemu ya chini kabisa ya epidemisi, yaani tabaka la nje la ngozi. Kwa siku chache mnyama huwa amevaa ngozi mbili, macho yake hugeuka kama maji ya mchele, naye hujificha kwa kuwa haoni vizuri. Mpasuko hutokea mahali pamoja maalumu, kati ya tabaka angavu la zamani na kigozi cha juu kipya. Ukipata fursa katika maabara yenye mashine ya kukata nta, kipande cha ngozi cha mnyama aliyekufa katika hali hiyo, kilichohifadhiwa kwenye formalini ya asilimia 10 na kukatwa kwa unene wa mikromita 5 hadi 7, kitakuonyesha vizazi vyote viwili kimoja juu ya kingine, na chini yake dermisi yenye nyuzi za kolajeni. Onya fundi wa maabara mapema kwamba tabaka beta hupasuka kwenye kisu.

Vidole vya mjusi kafiri

Gamba la mjusi kafiri ni vigumu kulipata, kwa kuwa hujivua vipande vipande na kuvila mwenyewe. Anza naye akiwa hai: usiku, anapowinda wadudu kwenye kioo cha dirisha lenye taa, simama upande wa pili na umtazame nyayo kwa lenzi ya mkononi kupitia kioo hichohicho. Chini ya kila kidole utaona mikunjo ya kukingama iliyogawanyika jozi jozi. Kwa hatua inayofuata tumia mjusi aliyebanwa na mlango akafa, jambo ambalo katika nyumba zetu halihitaji kusubiriwa muda mrefu. Mkate kidole kimoja, kiloweke katika alkoholi ya asilimia 70 kwa siku moja, kisha kata mkunjo mmoja kwa urefu na uutazame pembeni kwa mara 400.

Ukingo wake hauko laini, una manyoya mafupi yaliyosongamana kama brashi ya viatu. Kwa yule mjusi mkubwa wa Asia aitwaye tokei, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, kila unyoya una urefu wa mikromita 110 hivi na hugawanyika kwenye ncha kuwa mamia ya matawi, kila tawi likiishia kwenye kibapa chenye upana wa mikromita 0.2, yaani pale hasa hadubini yako inapokomea. Hakuna gundi wala unyonyaji wa hewa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinachomshikilia ukutani ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano dhaifu wa molekuli zilizokaribiana sana, kati ya vibapa hivyo na ukuta. Manyoya hayo ni vijimwiba vya kigozi cha juu vilivyorefuka, kwa hiyo kila mjusi anapojivua hupata nyayo mpya pamoja na ngozi.

Kupima, kuweka lebo, na nakala ya upande wa ndani

Kwa vipimo, weka rula angavu chini ya lenzi ndogo kabisa na usome upana wa uwanja unaouona. Ukiwa milimita 4.5 kwa mara 40, utakuwa milimita 0.45 kwa mara 400, na kutokana na hapo unaweza kukadiria ukubwa wa kitu chochote kwa kugawanya. Hifadhi vipande katika bahasha za karatasi pamoja na kidonge cha nafthalini, kwa kuwa kuna mbawakawa wadogo wanaokula keratini na wataumaliza mkusanyiko wako kimyakimya.

Kwenye kila lebo andika jina la mnyama, mahali, tarehe, sehemu ya mwili, na upande uliochukuliwa nakala. Usiitupe nakala ya upande wa ndani. Tabaka angavu, ambalo ndilo uso wa ndani wa gamba, lilikuwa limeshikana na kigozi cha juu kipya kama mkate na chombo chake wakati nakshi mpya zinaundwa, na hubaki na alama za nakshi hizo kwa kinyume. Zile nakala 20 za ukungu tulizozitupa darasani, zenye mistari isiyolingana na vitabu, zilikuwa chapa hafifu ya ngozi ambayo nyoka aliondoka akiwa ameivaa. Chukua nakala mbili kutoka kigamba kilekile, ya nje na ya ndani, uziweke kwenye slaidi moja, na uandike chini yake “iliyovuliwa” na “iliyovaliwa”.